Firigisi Moja, Sahani Nne

Hapo zamani, si zile za mababu bali zamani za juzi tu, stima ilipokuwa imeshafika vijijini lakini bado haijajifunza kukaa, palikuwa na kijiji katika vilima vya Vihiga kilichoitwa Mukhombe, na kijiji hicho hakikuwa na kuku.

Mnacheka. Chekeni tu, ninyi mliotoka mahali ambapo mgeni hupewa chai na mkate naye akashukuru. Kule, mgeni hajafika mpaka kuku apige kelele nyuma ya nyumba. Mchumba haposwi bila kuku, marehemu hasindikizwi bila kuku, ugomvi wa mpaka wa shamba hauishi bila kuku. Basi ukaja ugonjwa, ule wa kuhara kijani na kupinda shingo, ukaingia boma hili ukatokea boma lile, mpaka hapakuwa na jogoo wa kuwika. Watu wakaanza kuchelewa kuamka. Mashemeji wakawa wanatumiana salamu kwa simu, wakisema barabara imeharibika. Barabara ilikuwa ile ile. Kilichoharibika kilikuwa chungu.

Yakabaki mayai. Wanawake wa Mukhombe walikusanya kila yai lililotagwa kabla ya maradhi, wakayaviringisha kwa majani ya migomba, wakampelekea mjane mmoja jina lake Rasoa, ambaye kijiji kizima kilimwita Senje, yaani shangazi. Rasoa alikuwa na mashine ya kuangulia: sanduku la mbao lenye mlango wa kioo, linalokula stima na kutema vifaranga. Akaweka alama ya kila mwanamke kwa mkaa juu ya mayai yake, akayapanga, akafunga mlango. Akawa anayageuza kama kuku anavyoyageuza, asubuhi na jioni, huku akiyasemesha.

Alijua vizuri alichobeba. Mayai yale yakiharibika, mbegu ya kuku wa Mukhombe imekwisha, na jina litakalotajwa kila mgeni atakapoandaliwa mboga za majani ni lake.

Wiki ya mwisho, vifaranga wakiwa wameshaumbika ndani ya maganda, radi ilipiga transfoma. Watu wakapigia kampuni ya stima. Kampuni ikasema imeyapokea malalamiko. Ni kweli, iliyapokea.

Rasoa akaifunika mashine kwa blanketi zote za nyumba, pamoja na ile ya marehemu mumewe ambayo hakuwa ameitoa sandukuni tangu matanga. Akaweka kiganja juu ya kioo. Kilikuwa na joto bado, lakini joto la chungu kilichoepuliwa, ambalo linaaga. Akaogopa. Hakuwahi kuogopa namna ile hata alipofiwa, maana aliyekufa hakuhitaji tena kufunikwa.

Mkwewe akaingia. Huyu alikuwa Jerusa, mke wa mwanawe Kidiya, na Kidiya mwenyewe alikuwa Mombasa akitafuta maisha. Jerusa alisomea ufundi wa stima chuoni, na kazi ya kumsifu Jerusa hakumwachia mtu mwingine.

"Mama, toa hizo blanketi, unajichosha bure. Hapo dukani kwa Adagala kuna paa zima la sola, na hapa kuna fundi. Vijiji vingine vina vyote hivyo na havina fundi kama mimi."

Adagala, jirani yao, alikuwa na duka la mabati na misumari, na juu ya duka paneli zilizofunika paa lote. Mchana alikuwa na stima ya kuchezea. Usiku hakuwa na kitu, kwa sababu betri zake zilishakufa na wateja walikuwa wakizikalia wakisubiri kupimiwa misumari. Alikuwa rika moja na marehemu mume wa Rasoa, na Rasoa alimwita shemeji.

"Chukua, shemeji," alisema Adagala. "Mashine yangu ya kukatia vyuma nitaizima, na friji ya soda nayo ipumzike. Jua halina mwenyewe."

Mnalisikia hilo neno? Lishikeni, kwa sababu Adagala mwenyewe hakulishika.

Jerusa akavuta waya kutoka dukani mpaka kwa Rasoa. Mashine ikawaka, lakini joto halikupanda. Jua lilikuwa kali la kupasua mawe, na mshale wa joto umelala. Jerusa akapanda ngazi kuangalia, akakuta mke wa Adagala ameanika wimbi, nafaka ya uji, juu ya paneli. Msimlaumu. Paneli ni bapa, zina joto, na ziko mahali ambapo kuku hawafiki. Kwamba kuku wenyewe hawakuwepo tena, hilo halikuwa limefika kwenye mikono yake. Mikono iliendelea na desturi. Jerusa hakuuliza, alifagia. Wimbi yote ikaingia mtaroni, na uji wa nyumba ile ukaenda na maji. Mshale ukapanda.

Jioni jua likashuka, na mshale ukaanza kulifuata.

Ndipo akaitwa Chavasu, kijana wa ukoo wa Rasoa, mwenye tuktuk ya betri, ile isiyonguruma. Chavasu alikubali upesi. Akaegesha tuktuk ukutani, Jerusa akachomeka waya, mashine ikapata joto, kila mtu akaenda kulala akimsifu Jerusa, Jerusa akiwa wa kwanza.

Kulipokucha Rasoa aligusa kioo, na kioo kilikuwa baridi. Betri ya tuktuk ilikuwa tupu. Jerusa alikuwa amesahau kuufungua ule waya wa kwenda dukani, na stima haina adabu ya kuuliza inakopelekwa: usiku wote ilitoka kwenye tuktuk, ikapita kwa Rasoa, ikaenda kwa Adagala. Watoto wa Adagala walikesha kwenye televisheni mpaka macho yakawauma, wakidhani Mungu amewakumbuka. Trei ya chini ya mashine ilikuwa imepoa kabisa. Mayai ya trei ile yalikuwa na alama ya mke wa Kagai, mwenye kinu.

Jerusa hakujisifu siku ile, na hilo peke yake liliwashangaza watu. Akachukua ubao, akaupigilia ukutani kwa Rasoa, akaunganisha nyaya zote pale: ya paa la Adagala, ya tuktuk ya Chavasu, na ile iliyotoka kwenye nguzo ya kampuni, ambayo kwa wakati huo ilikuwa pambo. Katikati akaweka swichi moja kubwa ya kugeuza. Kuanzia hapo stima iliingia kwa ruhusa na kutoka kwa ruhusa. Mchana paa lililisha mashine, na kilichozidi kikajaza tuktuk. Usiku tuktuk ikalisha mashine. Hata Rasoa, ambaye alikuwa bado na hasira ya ile trei, alikiri moyoni kwamba mkwewe ana mikono.

Jambo lilikuwa limetulia kidogo, basi likaja lingine. Chavasu alikuja asubuhi amevaa koti.

"Senje, leo ndiyo siku yangu ya kwenda Tiriki kwa wakwe kuposa, na kuku wamekubali tuwalipe baadaye. Niliahidi kuwabeba wazee wetu kwa tuktuk."

Rasoa alijua siku hiyo imepangwa tangu kabla ya maradhi. Alijua pia kwamba tuktuk ikiondoka itarudi jioni sana, na tupu.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Wakwe hawangojwi."

Kisha akafungua mlango wa kioo ili ageuze mayai kama kawaida yake, akampa Chavasu moja alishike, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa. Labda ilikuwa imejaa kweli. Chavasu akalipeleka sikioni, kama afanyavyo mtu akipewa kitu asichojua pa kukiweka. Ndani, mtu alikuwa akigonga.

Chavasu akarudisha yai, akatundika ufunguo wa tuktuk kwenye msumari, akaenda kuwaambia wazee wavue viatu. Walikwenda kwa miguu, mvua ikawakuta njiani. Walifika Tiriki alasiri, matope mpaka magotini, wakati chakula kilishaliwa na wenyeji waliochoka kungoja. Wazee wa upande wa pili wakasema maneno ya posa hayaongewi na watu wanaotiririka, warudi wakikauka. Shangazi za binti walicheka mpaka wakashikana mabega. Chavasu alirudi Mukhombe bila neno, na mpaka leo bado anakauka.

Siku ya vifaranga kutoka ilipofika, mbingu zilifunga. Mvua ilianza alfajiri na haikuonyesha dalili ya kuwa na shughuli kwingine. Paa la Adagala halikutoa kitu. Betri ya Chavasu ilikuwa imelisha usiku kucha na ilikuwa inakata roho. Wakati huo huo, bila kumwambia mtu, kampuni ya stima ikaleta transfoma ya kuazima, ndogo, na mtu wa kampuni akaifunga akiwa amejifunika gunia.

"Hii itabeba taa na vitu vyepesi," aliwaambia. "Kinu kikiwashwa, imekufa. Na nyingine hatuna."

Watu wote wakamtazama Kagai.

Kagai ndiye mwenye kinu cha kusaga, ng'ambo ya barabara. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti kubwa na uvumilivu mdogo. Tangu radi ipige, madebe ya mahindi yalikuwa yamejipanga mlangoni kwake, na Mukhombe haikuwa imeonja ugali. Mmaragoli, mtu wa vilima vile, bila ugali na bila kuku, mjue, ni mtu anayejiuliza alizaliwa kwa nini. Stima iliporudi, wanawake walishangilia, na mkono wa Kagai ulikuwa tayari kwenye swichi.

Rasoa alivuka barabara kwenye mvua bila kujifunika. Alisimama mlangoni pa kinu akitweta.

"Kagai, wameanza kugonga. Mayai mengine yameshapata ufa. Wakipoa sasa watafia mlangoni."

Kagai hakuondoa mkono. "Mama Kidiya, nikuulize. Ya mke wangu yamo?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Midomo ya Rasoa ilikuwa imeshajiandaa. Lakini alikumbuka kwamba atakuwa jirani ya mtu huyu mpaka mmoja wao azikwe, na kwamba yule wa kubaki atakuja kwenye matanga ya mwenzake.

"Hayamo," alisema. "Yalipoa ule usiku wa kwanza. Yameharibika yote."

Kagai alimtazama. Kisha akauvua mkanda wa kinu kutoka kwenye mota, akaukunja, akauweka juu ya kigoda, akaukalia. Alikaa hapo mchana kutwa. Wanawake walimsihi, hakujibu. Wanaume walimtukana, hakujibu, na wote waliomfahamu walijua hilo lilimgharimu nini. Kijiji kilichemsha mahindi na maharagwe kikala kimekasirika.

Na ndani kwa Rasoa, vifaranga walitoka. Walitoka wamelowa, wabaya wa sura, wamechoka kama watu walioshuka kwenye lori, mmoja, kisha wengi, mpaka kioo kikajaa mvuke na Rasoa asiweze kuwaona tena. Alidhani ni mvuke. Alipopangusa kioo bado hakuona, akagundua analia, akaketi sakafuni akalia vizuri.

Vifaranga walikua. Jogoo wa kwanza akawika, watu wakaamka wamenuna, wakafurahi. Ule ubao wa Jerusa haukuondolewa. Kinyume chake, nyumba nyingine ziliomba kuunganishwa, na waya zikavuka ua hadi ua. Hapo ndipo utamu ulipoingia chumvi. Stima ya kampuni ilipopotea, kama ilivyopenda kupotea, nani apate kwanza? Kinu cha kusaga au mashine ya mayai? Friji ya Adagala au tuktuk? Kila mmoja alikuja kwa Rasoa kugeuza swichi kwa upande wake. Siku moja iligeuzwa na watu watatu kabla ya chai.

Wazee wakasema, hili si la kamati, hili lina desturi yake. Jogoo wa kwanza achinjwe kwa Rasoa, na Rasoa mwenyewe ndiye atakayepakua. Maana katika vilima vile kuku anaweza kugawanywa kwa watu wengi, lakini firigisi haigawanywi. Hupewa yule ambaye nyumba inasimama juu yake. Atakayepewa firigisi ya jogoo huyu, neno lake litakuwa neno juu ya swichi, na hakuna wa kulipinga.

Basi wakaketi. Adagala akanyoosha sahani.

"Shemeji, mimi sina maneno mengi. Bila paa langu mngekuwa mmekaanga mayai. Nilizima mashine, nikauza soda ya moto, na nyumba yangu ikakosa uji. Hata stima ya tuktuk ya Chavasu ilitoka wapi? Alijaziwa kwangu mchana. Kila joto lililoingia katika mashine ile lilipita kwanza juu ya kichwa changu."

"Ulisema jua halina mwenyewe," akasema Jerusa.

"Jua halina. Paa linaye."

Chavasu akanyoosha sahani.

"Senje, jua la mchana haliangui yai la usiku. Mzee Adagala alitoa kilichokuwa kinamwagika. Asingetupa sisi kingepotelea hewani. Mimi nilitoa nilichokuwa nakihitaji siku ile ile. Yeye alipoteza wimbi, mimi nimepoteza mke."

"Hujampoteza," akasema Kagai. "Hujampata tu."

"Wewe ungekuwa mimi, ungeiona tofauti hiyo?"

Jerusa akanyoosha sahani, na shingo za wanaume zikageuka.

"Mnaniangalia nini? Paa lilikuwepo miaka yote, na mlikuwa mnalala gizani chini yake. Tuktuk ilikuwepo. Nguzo ilikuwepo. Kila kimoja kilikuwa peke yake kama mgomba uliokatwa. Nani aliviunganisha? Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hata vidole viwili vinahitaji mkono."

"Na ile trei?" akauliza Adagala.

"Ile trei ni kosa langu. Nililifanya mara moja, na kwa sababu yake mna swichi. Mnayoigombania ni dawa ya kosa langu."

"Lakini firigisi na mwanamke, mkwe," Adagala akasema taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kifungo kilichofunguka. "Hilo halijapata kuonekana."

"Mwanamke na waya lilikuwa limepata kuonekana?"

Kagai ndiye aliyekuwa wa mwisho. Sahani yake ilikuwa ndogo mkononi mwake.

"Mimi sikufanya kitu," alisema. "Msinisingizie wema. Hawa watatu walifanya, mimi nilikaa juu ya mkanda. Lakini siku ile paa lilikuwa limelala, tuktuk imekufa, na swichi ya Jerusa haikuwa na cha kugeuza. Kulikuwa na kauzi kamoja ka stima kutoka kwenye nguzo, na hakuna aliyeweza kukakata isipokuwa mimi. Nilitukanwa na watu ambao baba zao nimewasagia. Na yai langu halikuwemo hata moja. Wao waliokoa vyao. Mimi niliokoa vya nani?"

Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye chungu, na sahani nne zilikuwa hewani, mikono ikianza kuchoka, kwa kuwa hata sahani tupu huwa nzito ikikaa sana.

Rasoa alitia kijiko, akaitafuta firigisi chini ya mchuzi, akaipata. Aliijua kwa uzito wake. Tangu aolewe alikuwa ameipasua firigisi ya kila kuku aliyechinjwa katika boma lile, akaimenya, akaichemsha mpaka ikalainika, akampelekea mume. Na mume alipokufa, akawapelekea wageni. Alijua inapikwaje na inanukaje. Hakujua ina ladha gani. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama anataka kujua, na mpaka dakika ile yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza.

Akainua kijiko.

"Senje, inapoa," akasema Chavasu.

Sasa msinitazame mimi. Mimi sikuwepo, na ningekuwepo ningetaka paja, lisilo na kesi. Semeni ninyi mliokuwa mnameza mate tangu mwanzo: kati ya mwenye paa, mwenye magurudumu, mwenye waya, na yule aliyeketi asifanye kitu, kijiko kishuke kwenye sahani ipi? Au kisishuke kwenye sahani yoyote, kigeuke kielekee kinywa cha yule aliyekishika? Je, firigisi ile, nani aliistahili?